Kabla Sijapandisha Gari

Gari langu limelala chini mno. Kijana aliyeniuzia alikuwa amezikata springi zote nne ili lionekane la maana likipita, nami siku ile niliangalia rangi, sikuangalia tumbo. Hapa Donholm kila tuta nalipanda kwa upande, nimeuma meno, na bado utasikia chuma kikikwaruza. Watu wananiambia niliuze. Siuzi. Mtu akishaniambia mara tatu nifanye jambo, hilo jambo sitalifanya tena. Ndivyo nilivyo, na katika haya ninayotaka kueleza kiburi hicho hicho kimo.

Oili nabadilisha mwenyewe. Nilianza baada ya fundi mmoja kunifanya mjinga: alifuta kijiti cha kupimia kwa kitambaa, akafunga boneti, akaniambia tayari mama. Mimi nauza mapazia Gikomba. Nimezoea kudanganywa na watu wa marobota, lakini yule alinidanganya huku nimesimama pale pale namwangalia. Nikatafuta mwingine, nikamwambia sitaki unifanyie, nataka unionyeshe. Huyo alikuwa na vidole vitatu tu katika mkono wa kushoto. Sikumwuliza vingine vilienda wapi, aliniambia mwenyewe. Vilibaki chini ya gari lililokuwa limekaa juu ya mawe ya kujengea. Jiwe la kujengea, alisema, litabeba nyumba mpaka wajukuu waizeekee, lakini liweke chini ya gari, gari lisukumwe kidogo tu kando, litapasuka kama sukari guru.

Basi naufuata utaratibu wake hadi leo. Gari linasimama mahali palipo sawa, breki ya mkono imevutwa, gia imetiwa. Magurudumu ya nyuma nayabana kwa kabari za mbao, mbele yake na nyuma yake. Lakini kabla ya kabari kuna ile taabu ya gari lililolala: jeki ya magurudumu haiingii chini. Wengi hapo ndipo hukosea, wanatafuta jeki ndogo ya kuzungusha, wanaichomeka popote inapopenya, wanaingia chini kwa kuomba Mungu. Mimi nilikwenda kwa seremala akanipigia mbao nene mbili mbili, moja fupi juu ya nyingine ndefu, kama kipandio. Nalisogeza gari polepole mpaka magurudumu ya mbele yakae juu ya mbao, hapo jeki inapata nafasi. Naliinua kwa kile chuma kinene cha katikati, si kwa sampu, maana sampu ni bati tu la kuhifadhi oili. Naweka stendi mbili za chuma, moja kila upande, nalishusha gari likalie stendi. Na kabla kichwa changu hakijaingia chini, nalisukuma kwa bega, kwa nguvu zote. Likicheza, naanza upya. Jeki ni ya kuinua, si ya kubeba. Hayo alinikaririsha mpaka nikawa nayasema nikiosha vyombo.

Kulikuwa na hatua moja ambayo fundi hakunifundisha. Hiyo tuliizua wenyewe, mimi na jirani yangu.

Korti yetu ina nyumba kumi na mbili zinazotazamana, geti moja, na uwanja wa matofali ya kabro katikati. Wenye magari hapa wako, lakini wanatoka nayo alfajiri na kurudi usiku, na Jumapili wanakwenda nayo kanisani. Langu ndilo linaloshinda nyumbani, kwa sababu mimi kwenda Gikomba naenda na gari la abiria, sina mahali pa kuegesha kule. Kwa hiyo miaka hii yote gari langu ndilo lililokuwa la wagonjwa. Mtoto akimeza kitu, mama akishikwa na uchungu, mtu akianguka bafuni, hawaulizani, wanakuja mlangoni kwangu. Nimepeleka watu hospitalini nikiwa na leso na patipati miguuni. Hata ufunguo wa pili ulikuwa kwa jirani yangu, ukutani, ili nisipokuwepo mtu anayejua kuendesha aombe kwake.

Huyo jirani alikuwa mwanamke wa Majengo, mzaliwa wa kule kabisa, aliyeolewa akahamia huku. Mlango wake na wangu imetenganishwa na ukuta mfupi unaofika kiunoni. Alikuwa Mwislamu, mimi ni Mkristo wa kwetu Nyeri, na katika miaka ishirini na kitu hatukuwahi kugombana juu ya Mungu, tuligombana juu ya maji, paka, na kamba ya nguo. Alikuwa akikaanga mahamri na viazi karai na kuviuza getini. Alikuwa na pumu. Na yeye ndiye aliyejua habari za korti nzima: nani anaumwa, nani mimba imefika, nani amerudi kutoka hospitali jana.

Ndipo tukaizua ile hatua. Siku ya oili, kabla sijagusa jeki, nagonga mlango wake. Namwambia, "Dada, leo gari linaingia thieta kupasuliwa." Naye hunijibu, "Basi na sisi leo tusiugue." Tunacheka. Lakini kicheko hakikuwa ndio maana ya kugonga. Akishacheka alikuwa akiangalia juu kidogo, anapiga hesabu ya nyumba, kisha ananiambia, endelea, wote wazima. Au ananiambia, ngoja kwanza, mtoto wa nyumba ile ya mwisho ana homa tangu jana, fanya kesho. Na mimi nilikuwa nafanya kesho. Maana gari likishakuwa juu ya stendi, oili imetoka, filta imefunguliwa, si gari tena. Kulirudisha kuwa gari kunataka muda, na ule muda hauwezi kukatwa bila mtu kuumia.

Sikuwahi kupandisha gari bila kugonga mlango ule. Nilikosa mara moja.

Ilikuwa Ijumaa, jioni. Nilikuwa nimebeba mtungi wa oili chakavu niliyoihifadhi kutoka mara iliyopita, nampelekea askari wa geti, maana alikuwa akiitaka ya kupaka nguzo za kibanda chake zisiliwe na mchwa. Jirani yangu alikuwa ameuanika mswala wake juu ya ule ukuta mfupi, akiupigisha upepo. Mtungi haukuwa umefungwa vizuri. Tone likaangukia mswala. Tuseme ukweli, yalikuwa matone matatu. Mswala wenyewe ulikuwa wa rangi ya maziwa na aliletewa na dada yake kutoka Maka.

Mtu mwenye akili angesema, dada, nisamehe. Mimi nilisema, "Ni tone tu."

Akaniangalia. "Kwako ni tone."

Na mimi, mdomo wangu huu, nikamwambia kama ni wa thamani hivyo angeuanika ndani kwake, ukuta si wake peke yake. Akaukunja mswala, akaingia, akafunga mlango. Jumamosi tulipishana getini, yeye na beseni lake la mahamri, mimi na mfuko wangu, kila mtu akaangalia upande wake. Nilikuwa nimeshajua nimekosa. Nilijua tangu Ijumaa ile ile usiku, nikiwa nimelala macho. Lakini nilijiambia, nitamwomba msamaha akishapoa, kana kwamba ni yeye aliyekuwa na moto.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikuwa na oili mpya, filta mpya, na hasira ya zamani. Nikatoa mbao, nikatoa jeki. Nikasimama na kuutazama mlango wa jirani, ulikuwa umefungwa, pazia limeshushwa. Ninakumbuka nilichosema moyoni, neno kwa neno: leo sigongi, kwani gari ni la nani? Nikalisogeza gari juu ya mbao.

Mengine yote niliyafanya kwa utaratibu. Breki, kabari, jeki, stendi, bega. Halikucheza. Nikaingia chini, nikafungua nati ya sampu, oili nyeusi ikaanza kuteremka kwenye karai, nikafungua na filta. Nikatoka, nikakaa kwenye kibao kungoja imalize kuchuruzika. Korti ilikuwa kimya, magari yote yameondoka. Nilikuwa napangusa mikono mlango wa jirani ulipofunguka, akatoka mumewe.

Huyu mume alifanya kazi kiwanda cha misumari Industrial Area mpaka akastaafu, mtu wa pole sana, wa kuzungumza kwa sauti ya chini. Mimi namwita shemeji naye ananiita shemeji. Siku ile alitoka bila viatu, kanzu yake ya nyumbani imepinda begani.

"Shemeji, toa gari. Kifua chake kimefunga."

Nikasimama. Nilimwonyesha gari kwa mkono. Aliliangalia gari lilivyo, pua juu, karai chini yake, na sijui kama alielewa alichokuwa akikiona.

"Lishushe," akasema.

"Halina oili, shemeji."

"Lishushe!"

Kabla sijamfikia alikuwa ameshapiga magoti, ameshalala kifudifudi, mkono na bega vimeshaingia chini, anang'ang'ania stendi ya upande wa kulia aivute kwa mikono. Stendi ile ilikuwa imebeba nusu ya uzito wa mbele, na jeki nilikuwa nimeshailegeza. Sikufikiri. Nilimshika miguu yote miwili nikamvuta kama gunia. Kanzu ilipanda mpaka kiunoni, akakwaruzika tumbo kwenye kabro, akanipiga teke la kifua. Nikaendelea kuvuta mpaka kichwa chake kikatoka. Mwanamume wa umri ule, jirani yangu, shemeji yangu, nimemvua heshima yake katikati ya korti. Akakaa pale chini, ananitazama.

Kelele ziliwatoa watu. Walikuja wapangaji wawili wa nyumba za nyuma, watu wazima wenye watoto, na mama mmoja mwenye simu mkononi. Mmoja wa wale wanaume akashika bampa. "Mathe, hii ndai ni nyepesi, sisi tunainua, wewe toa vyuma."

"Hakuna mtu ataweka mkono chini ya gari hili," nikasema.

"Mathe, mtu anakufa."

Nikamtukana. Nilimtukana tusi ambalo sijalisema tangu nikiwa msichana, siku ya Jumapili, na huyo ni mtu aliyekuja kusaidia. Nikawaambia wamsimamie shemeji, wasimwache akaribie. Kisha nikaingia chini mwenyewe. Nikarudisha nati, nikaikaza. Nikapaka oili mpira wa filta, nikaifunga kwa mkono mpaka ikashika. Nikatoka, nikaweka faneli, nikaanza kumimina oili mpya. Oili haina haraka na mtu. Ilikuwa ikishuka kwenye faneli kwa uvivu wake ule ule wa kila siku, lita ya kwanza, ya pili, nami nimeishika chupa kwa mikono miwili. Kutoka ndani kwa jirani nilikuwa nasikia pumzi, ile ya kuvuta hewa isiyokuja. Nilikuwa naogopa zaidi ikinyamaza.

Nimelirudia lile tukio mara nyingi, na kila mara naona jambo ambalo siku ile hakuna aliyeliona. Barabara ya Outer Ring iko pale, mwendo wa kutema mate. Mtu mmoja angetoka mbio angesimamisha gari lolote, hata la kubeba mchanga. Hakuna aliyetoka. Yule mama wa simu alikuwa akiita teksi, dereva akakubali, akaghairi, akaita mwingine. Lakini wengine wote walikuwa wamenizunguka mimi. Askari alikuwa ameshafungua geti mabawa yote mawili, amesimama amelishikilia lisirudishwe na upepo, anangoja gari langu litoke. Walikuwa wamezoea. Mtu akiugua korti hii, gari ni lile. Niliwazoesha mimi mwenyewe, na nilikuwa najivunia.

Nikapandisha jeki kidogo, nikatoa stendi ya kulia, ya kushoto, nikashusha gari kwenye mbao, nikavuta jeki na karai kando. Nikapiga teke kabari. Nikawasha, taa ya oili ikazimika, nikarudi nyuma polepole magurudumu yakashuka. Wakamleta wamembeba kwa leso, wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mumewe. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Kile kichupa chake cha kupuliza dawa ya pumu alikuwa nacho mkononi, kimekwisha.

Nikaendesha. Matuta yote nilisahau kuyapanda kwa upande, gari likagonga tumbo mara sijui ngapi. Mahali fulani njiani aliweka mkono begani kwangu, kutoka nyuma. Haukuwa mkono mzito. Ulikaa pale kidogo, kisha ukateleza. Watu wanaopenda kunifariji wananiambia alikuwa ananisamehe. Mimi siwezi kusema hivyo. Mtu aliyekosa hewa hushika chochote kilicho karibu, na karibu yake kulikuwa na mimi.

Walimpokea haraka, sina lawama kwao. Daktari alitoka baada ya muda akasema alifika akiwa amechoka sana. Adhana ya adhuhuri ilikuta ameshaondoka.

Alizikwa siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi, kama ilivyo desturi yao. Nilikaa ndani na wanawake, wakinipisha nafasi kwenye mkeka kama ndugu, na kila aliyenipisha nilitamani angenifukuza. Niliporudi kwangu karai la oili nyeusi lilikuwa bado pale uwanjani, mbao mbili, stendi mbili, kibao changu. Mtu alikuwa amelifunika karai kwa katoni ili watoto wasilikanyage.

Kisha korti ikaanza kunizungumza. Wako waliosema nimefanya vizuri, kwamba bila mimi zingetoka maiti mbili nyumba moja. Haraka haraka haina baraka, walisema, na mimi nikausikia msemo huo nikataka kumpiga mtu. Wako waliosema yule mwanamke ana roho gani, mtu anakata roho yeye anapanga mbao zake kama anapanga masufuria. Wote walikuwa wanabishana juu ya dakika. Zilikuwa ngapi, zingepungua kwa ngapi, wale wanaume wawili wangeweza kuliinua au wasingeweza. Hakuna aliyeuliza kwa nini gari lilikuwa juu siku ambayo mtu anaumwa. Na mimi niliwaacha wabishane. Nilikubali hata sifa. Mama mmoja alinishika mkono kwenye arobaini akaniambia Mungu akubariki kwa kumwokoa yule mzee, nikamwambia amina. Niliitamka hiyo amina kwa mdomo wangu.

Maana ukweli nilikuwa nao peke yangu, au nilidhani niko nao peke yangu. Kifua cha jirani yangu hakikufunga ghafla. Pumu yake niliijua, ilikuwa ikija kwa kubisha hodi, inaanza usiku, inabana alfajiri, jua likishapanda ndipo inafunga. Ningegonga ule mlango saa ile ninatoa mbao, angeniambia, ngoja kwanza, leo mgonjwa ni mimi. Ningemtia garini mwenyewe akiwa anatembea kwa miguu yake. Fundi wa vidole vitatu alinifundisha namna ya kuinua gari lisimwangukie mtu, nami nilifuata kila alichosema, na gari halikumwangukia mtu. Nilichoruka ni kitu cha hatua nne kutoka mlango wangu hadi mlango wake.

Miezi ilipita. Shemeji tulikuwa tukisalimiana getini, shikamoo hakuna, ni "habari ya asubuhi" tu na kila mtu njia yake. Hakunisema vibaya kwa mtu. Alama ya kwaruzo la kabro ilibaki kwenye kiwiko chake muda mrefu, nikiiona nageuza macho. Ule ufunguo wa pili hakuurudisha, na mimi sikuuomba. Oili ikawa nyeusi tena, ikapitiliza. Injini ikaanza kulalamika asubuhi. Nikasema nitalipeleka gereji, wafanye wao, yaishe. Siku moja nikalipeleka kweli, mpaka mlangoni pa gereji, fundi akaja amevaa ovaroli anafuta mikono, akauliza mama tukusaidie nini. Nikamwambia nimepotea njia, nikageuza gari. Nilijua kilichonipeleka pale si oili, ni kuukwepa ule mlango.

Ilikuwa tena Jumapili. Sikuichagua, ndiyo siku ninayokuwa nyumbani. Niliacha mbao na jeki ndani, nikavaa kitambaa kichwani, nikatoka mikono mitupu. Nikagonga.

Shemeji alifungua mwenyewe. Sasa anaishi peke yake, binti zao wameolewa, wanakuja Jumamosi kumpikia. Sebule ilikuwa safi kuliko ilivyokuwa wakati wa mkewe, na hilo liliniuma.

"Hodi, shemeji," nikasema. "Nimekuja kukwambia, leo napandisha gari. Litakuwa juu kama saa moja."

Ile nyingine ya thieta sikuiweza.

Akasema karibu ndani, akanionyesha kiti, akaniletea maji kwenye gilasi. Nikayanywa yote kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, hatua zile nne, jinsi ya kuanza. Nikaanza vibaya.

"Kuna kitu sijamwambia mtu. Siku ile mimi sikugonga."

"Najua," akasema.

"Shemeji, sikiza. Kila siku nilikuwa nagonga. Siku ile nilikuwa nimenuna, kwa ajili ya ule mswala. Nilisimama pale nje nikautazama mlango wenu, nikasema sigongi. Kama ningegonga angeniambia anaumwa. Si dakika, shemeji, wanaosema dakika hawajui. Ni mimi." Nikajikuta nalia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. "Nilikuvuta wewe miguu mbele ya korti nzima, watu wakanisifu, nikanyamaza. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, ni haki yako."

Hakusema nimekusamehe. Hakusema pia kwamba hawezi. Alichukua gilasi kutoka mkononi mwangu akaiweka mezani, akakaa kwenye kochi lililo chini ya dirisha, lile linalotazama uwanja.

"Alikuwa amekaa hapa," akasema, akapiga kochi kwa kiganja. "Tangu alfajiri hakulala, kinambana. Mimi niko pale mlangoni. Tukasikia jeki yako, ile inavyolia ukiikokota kwenye kabro. Nikamwambia, mimi natoka, nikamwambie shemeji asilipandishe leo, akupeleke. Nikashika komeo."

Nje watoto wa korti walikuwa wanacheza, na alingoja mmoja amalize kupiga kelele.

"Akasema, rudi ukae. Usiende. Akasema, bado hajagonga, atakuja tu. Hajawahi kukosa." Shemeji alinyoosha kanzu yake magotini. "Basi nikakaa. Tukakungoja."